Gauni hupakwa rangi au hutiwa rangi?

SWALI: Nilikuwa na gauni jeupe la pamba, nikaliloweka kwenye beseni la rangi nyumbani ili nilivae harusini kwa dada yangu. Limetoka zambarau. Nilipowaandikia ndugu zangu kwamba "nimepaka rangi gauni langu", wakanicheka: gauni si ukuta! Mmoja akasema ningeandika "nimepiga rangi". Ipi ni sahihi? Na nikihofia rangi kutoka, niseme inachuja, inachujuka au inapauka?

JIBU: Hongera kwa gauni, na poleni na utani wa ndugu. Walicheka, lakini sababu yao haijakamilika. Wangekuwa sahihi kabisa kama paka lingekuwa la kuta tu. Mbona nywele tunazipaka rangi, na hina tunaipaka mikononi, ilhali hina haikai juu tu bali inaingia kwenye ngozi? Kitenzi hapa hakiulizi rangi imeishia wapi, kinauliza mkono ulifanya nini. Ukipitisha rangi juu ya kitu kwa brashi, kitambaa au kiganja, umepaka. Wewe ulizamisha gauni zima ndani ya maji ya rangi, kwa hiyo ulilitia rangi. Laiti ungelitandaza mezani ukalichora maua kwa brashi pindoni, basi hayo maua ungeyapaka rangi, na ndugu wasingekuwa na la kusema.

Piga rangi ni ya mafundi wa nyumba, na ndiyo inayotumika zaidi kwa kazi nzima: nyumba imepigwa rangi, geti limepigwa rangi. Kwa nguo utaisikia mitaani, na simtozi mtu faini. Kwenye maandishi ningeiacha.

Wapo wanaolikwepa tia kwa sababu ya maana yake nyingine ya chumbani, wakakimbilia weka. Mimi silikwepi. Tunatia chumvi, tunatia sahihi, tunatiana moyo, na hakuna anayeona haya.

Muundo wa sentensi nao una neno. Tia hubeba vitu viwili, kinachotiwa na kinachopokea, na kiambishi cha mtendwa hufuata kinachopokea: nimelitia gauni rangi. Ukitaka kutendwa, gauni limetiwa rangi. Epuka "gauni limebadilika rangi" ukiwa unajisifia kazi yako. Kubadilika ni jambo linalojitokea lenyewe, na msikilizaji atadhani limeharibikia kwenye dobi.

Sasa hofu yako. Gauni linachuja pale rangi inapotoka na maji, ukaona maji ya kusuuzia yamegeuka zambarau na shuka jeupe lililokuwa jirani limepata mabaka. Chujuka ni matokeo: baada ya kufuliwa mara nyingi, gauni limechujuka, yaani limeishiwa rangi. Pauka haihitaji maji. Jua na uchakavu vinatosha, na nguo hubaki na weupe fulani uliokufa, ule ule wa ngozi iliyokosa mafuta. Kwa harusi, linalokuhusu ni la kwanza: jasho nalo ni maji, na pengine utasimama kando ya bibi harusi aliyevaa nyeupe. Lisuuze mpaka maji yatoke meupe ndipo useme halichuji.

Hapo kuna jozi nyingine ambayo watu huichanganya, kukolea na kushika. Rangi iliyokolea ni nzito machoni; iliyoshika haitoki. Nguo ikiwa bado mbichi huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka, kwa hiyo usiisifie kwenye kamba. Tena angalia mishono ya gauni lako. Nguo nyingi za pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta, na rangi ya pamba haishiki poliesta. Huenda kitambaa kimekolea zambarau huku mistari ya uzi imebaki myeupe kama ilivyotoka kiwandani. Ukiulizwa, jibu kwa usahihi: rangi imeshika kitambaa, haikushika uzi.

Mwisho, usiandike "gauni zambarau". Vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu: gauni jeupe, gauni jekundu, magauni mekundu. Rangi nyingine zote hukopa jina la kitu au lugha nyingine na kuhitaji kiunganishi cha -a: gauni la zambarau, kilemba cha kijani, viatu vya bluu. Kwa hiyo ujumbe wako kwa ndugu ungesomeka hivi: "Nimelitia rangi gauni langu jeupe, sasa ni la zambarau, na halichuji." Hilo la mwisho liandike baada ya kulisuuza.