Barua kwa Mwanangu: Uliniuliza Bei

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata Jumanne nikiwa kwenye foleni ya kliniki ya presha, nikausoma mara tatu. Unasema watu wa matangazo wanataka sauti yako kwenye tangazo la sabuni, lakini kwenye picha aonekane yule binti wa kwenye tamthilia, acheze midomo tu. Na mkataba unasema usimwambie mtu. Kisha ukauliza: "Mama, niwatajie bei gani?"

Bei mimi sijui. Bei ya sabuni naijua dukani tu. Ila nilipofika hapo pa kutomwambia mtu, nilicheka peke yangu mpaka nesi akanigeukia, maana nilimkumbuka Lina, yule nyota wa sauti mbaya kwenye sinema ya Singin' in the Rain.

Unamkumbuka Lina. Ule mkanda wa deki alioleta mjomba wenu kutoka Uingereza, wa mwanamume anayecheza na mwavuli kwenye mvua, tuliurudia mpaka picha ikaanza kukatakata. Kaka yako alimpenda Donald O'Connor, yule wa kupanda ukuta na kujibwaga chini. Wewe ulikuwa unangoja pazia. Lina yuko jukwaani anachezesha midomo, Kathy kafichwa nyuma anaimba, halafu wale wanaume watatu wanavuta kamba na ukumbi mzima unaona sauti ni ya nani. Ulikuwa unapiga makofi kamba haijaguswa. Na mimi hapo hapo natoa lile neno langu mnaloniigiza: jasho lina mwenyewe.

Sasa mwaka jana mjukuu alinisomea kwenye simu habari za wale waigizaji, na tangu siku ile sijatulia.

Sinema ilitoka 1952. Debbie Reynolds, Kathy wetu, aliicheza akiwa na miaka 19, na kudansi alikuwa hajui. Gene Kelly, aliyekuwa nyota na pia mwongozaji pamoja na Stanley Donen, hakumhurumia. Siku moja Fred Astaire, mcheza dansi maarufu, alimkuta amejificha chini ya piano analia. Ule wimbo wa kuamkiana, wanaoumaliza kwa kulipindua kochi, walipokwisha kuupiga usiku miguu yake ilikuwa inatoka damu. Kelly naye ile mvua aliicheza na homa ya nyuzi 39 na ushei, kwa hiyo sijui nimlaumu au nimpe pole. Debbie alikuja kusema kwamba sinema ile na kujifungua ndiyo mambo mawili magumu kuliko yote aliyoyapitia. Mimi niliyejifungua mara nne nikasema, haya, huyu mtu kacheka na sisi miaka yote kumbe anaumwa.

Lakini ngoja. Kwenye wimbo ule ambao Kathy anamwimbia Lina kwa siri studio, Debbie hakuimba. Aliimba mwanamke anaitwa Betty Noyes, na kwenye majina ya sinema hayumo. Umenielewa? Sinema nzima inamtetea binti aliyefichwa sauti yake, kumbe nyuma yake kuna pazia la pili, na hilo hakuna aliyelivuta. Na yale maneno ya kuongea anayowekewa Lina, yale ya sauti laini? Ni ya Jean Hagen, huyo huyo Lina! Ile sauti ya bati linalokwaruzwa alikuwa anaitengeneza. Sauti yake nzuri wakampa Kathy, sisi tukabaki kumcheka. Aliteuliwa kugombea Oscar, akaikosa. Alifariki 1977 akiwa na miaka 54.

Huyo ndiye aliyeniuma zaidi, nami najua kwa nini, maana na mimi nilikuwa na Lina wangu.

Ile kanda ya kwaya mnaijua. Mnachokijua ni kwamba mama aliimba. Sikuwahi kuwaambia jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa 1989. Tulitoka Korogwe na basi usiku kwenda kurekodi Dar, watu ishirini na wawili, na dada aliyekuwa anaanzisha nyimbo akafika kakaukiwa sauti kabisa, hata kuomba maji anatumia mkono. Mwalimu wa kwaya akanivuta pembeni: wewe wa sauti ya pili, si unazijua zote? Nilizijua. Nikaanzisha tatu, moja baada ya nyingine, na fundi wa mitambo akasema hakuna cha kurudia. Nikapewa soda na kitenge. Nilirudi nyumbani nimekaa dirishani kama bibi harusi.

Kanda ilipotoka, kwenye ganda ilikuwa picha yake na jina lake. Nikamuuliza mwalimu. Akasema, "Mama, na tumbo hilo, picha isingependeza." Tumbo hilo ulikuwa wewe, miezi saba. Siku ya uzinduzi wakawasha spika, kanda ikacheza, naye akasimama mbele anachezesha midomo, mimi mstari wa pili nimefunga khanga juu ya gauni. Watu wakamtunza noti. Baba yenu alitaka kuinuka, nikamshika koti. Mpaka leo sijui nilimshika kwa sababu ya adabu au kwa sababu ya woga.

Jasho lina mwenyewe. Nimelisema miaka yote hiyo, na ukiniangalia vizuri sikuwahi kulidai.

Tena sasa najibishana na nafsi yangu. Zile sinema za Kihindi tulizokuwa tunakwenda kuziona Tanga, nani hakujua kwamba anayeimba si yule anayelia chini ya mti? Tulijua ni Lata Mangeshkar, na wala hatukuona wizi. Lakini hata kwa Lata haikuanza hivyo. Sahani ya wimbo wa sinema ya Mahal, 1949, iliandikwa kwamba anayeimba ni Kamini, jina la mhusika wa kwenye hadithi. Wasikilizaji ndio walioisumbua redio mpaka jina lake likatangazwa. Kumbe kuazima sauti si kosa. Kosa ni ile siri. Au siyo? Maana Debbie naye hakupanga yeye, alikuwa mtoto wa miaka 19 na mkataba wa studio. Na yule dada wa kwaya labda hakuulizwa. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne, lakini tukikutana sokoni huwahi yeye kunisalimu, na huwa haniangalii machoni. Miaka yote hiyo mimi nilidhani ni maringo.

Umeuliza bei, nisije nikaonekana sijajibu. Marni Nixon aliyemwimbia Deborah Kerr kwenye sinema ya The King and I, 1956, kwa santuri ya nyimbo zake alilipwa dola 420, na akatishwa kwamba akifungua mdomo hatapata kazi tena mjini pale. Aliyeitoa siri ni Deborah Kerr mwenyewe. Kisha Marni akamwimbia Natalie Wood kwenye West Side Story, na Leonard Bernstein, mtunzi, akamkatia sehemu ya mapato ya haki zake za utunzi: robo ya asilimia moja. Ndogo, lakini ilikuwa inaingia. Kwa hiyo unaweza kuwauliza kama tangazo likirudiwa mwaka wa pili na wa tatu wanakulipa tena, au ndiyo soda na kitenge.

Usaini, usisaini, sisemi. Una watoto wa kulipia ada na mimi sikai kwenye nyumba yako. Ingekuwa mimi… basi, naacha. Ila hicho kipengele cha kutomwambia mtu, umeshakivunja kwa kuniambia, na mimi nimeshamwambia shangazi yako.

Kanda bado ninayo, kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyenu vya ubatizo. Redio kaseti ya baba yenu ilishakufa. Ukija Pasaka ulizia hapo Kariakoo kama kuna mtu bado anauza. Wimbo wenyewe ni wa tatu, upande wa pili. Kwenye ubeti wa pili kuna mahali pumzi inanikatika kidogo, fundi hakusikia. Ulikuwa umenipiga teke.

Mama yako