Mkataba unasema 15%, mbona gawio limekatwa 30%?

Mkuu, umesema gawio lako (sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa) kutoka kampuni ya Marekani limekatwa kodi ya 30% ilhali mkataba wa kodi kati ya nchi yako na Marekani unaweka 15%. Yalinikuta hayo hayo. Mkataba unakupa haki, lakini lazima uidai.

Sheria ya Marekani inamtoza mgeni asiye mkaazi 30% ya gawio. Dalali wa hisa anashusha kiwango akiwa na fomu W-8BEN yenye saini yako, na sehemu ya pili ndimo unamotaja nchi ambayo mkataba wake unautumia. Ukiiacha wazi, unakatwa 30% yote. Fomu yenyewe nayo ina mwisho: kwa kawaida hufa mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini. Mimi nilisaini 2019, ikafa 31 Desemba 2022, na gawio langu la kwanza la 2023 likakatwa 30%. Hakuna aliyenikumbusha.

Uswisi ndiko nilikosota zaidi. Kule wanakata 35% kwanza, halafu wewe ndiye unafuata chako. Katika gawio la faranga 1,000 nilipokea 650. Kikomo cha mkataba wetu ni 15%, kwa hiyo 200 zilikuwa zangu. Ilibidi nijaze fomu ya madai, niipeleke mamlaka ya kodi ya hapa ninapoishi wagonge muhuri kuthibitisha ukaazi wangu, niambatanishe hati ya gawio, ndipo niitume Uswisi. Hati ya dalali ilionyesha kiasi halisi nilichopokea tu, bila kodi iliyokatwa, nikarudishwa kuanza upya. Omba hati inayoonyesha vyote viwili mapema. Madai yanapokelewa ndani ya miaka 3 tangu mwisho wa mwaka gawio lilipostahili kulipwa, ukichelewa, basi.

Na hapa ndipo wengi wanaumia: usidhani kodi ya nyumbani itafidia tofauti. Niliandika 35% kwenye ritani yangu ya kodi ya hapa ili zipunguzwe kwenye kodi ninayodaiwa, afisa akakubali 15% tu, kwa sababu zile 20% nilipaswa kuzidai Uswisi. Nadhani ni haki, ila iliniuma.

Kwa hiyo wewe anza na dalali: muulize fomu yako iko hai na imetaja nchi gani. Kama gawio ni la mwaka huu, mwombe arekebishe kabla hajafunga hesabu za mwaka. Akishafunga, utalazimika kudai mwenyewe kwa ritani ya Marekani, fomu 1040-NR.