Shangazi, huku ndiko kwao

Shikamoo Shangazi. Juzi kwenye kundi la familia uliuliza: wanawe dada wakirudishwa Dar kutoka huku Marekani kuna ubaya gani, si kwao? Wengi wakakuunga mkono. Nimekaa na swali lako siku tatu. Najibu wazi, maana tumezoea kuwatumia picha za theluji na magari, haya mengine tunayameza.

Waliondoka Temeke mwaka 2006, mkubwa ana miaka 5, mdogo 2. Viza ilikuwa ya matembezi, ikaisha, wakabaki. Aliyeamua ni mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili anabebwa tu.

Shule waliingia bila shida, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tangu 1982 kwamba mtoto asinyimwe shule ya umma kwa kukosa makaratasi. Wakatamka kiapo cha utii kwa bendera ya huku asubuhi. Kisha mwaka 2012 Obama akatangaza mpango wa DACA: aliyeletwa kabla ya kutimiza miaka 16, yuko nchini tangu Juni 2007, anasoma au kamaliza shule, hana kesi nzito, anaachwa asifukuzwe kwa miaka miwili miwili na anapewa kibali cha kazi. Ukaazi wa kudumu haumo humo, wala uraia.

Mkubwa alipata 2016. Mdogo alifikisha miaka 15, umri wa kuomba, mwaka 2019, wakati serikali ya Trump ilishafunga maombi mapya tangu 2017. Mahakama ya Juu ikasema 2020 kwamba serikali hiyo iliufuta mpango huo bila kufuata taratibu. Desemba mlango ukafunguliwa, dada akakimbilia kutuma fomu. Julai 2021 jaji wa Texas akazuia maombi mapya yasiidhinishwe. Tumbo moja, ndege moja: mmoja anafanya kazi hospitalini, mwenzake fomu yake imelala huko mpaka leo.

Bibi alipofariki, mdogo aliangalia maziko kwenye simu, kajifungia ndani ya gari ili mama yake asimwone analia. Wazee wakiongea haraka ananigeukia, "Wanasema nini?" Kuja huko nyumbani hakuweza. Aliyepita miaka 18 akakaa Marekani bila kibali zaidi ya mwaka mmoja, akitoka anafungiwa nje miaka 10. Huyo ndiye unataka ashushwe uwanja wa ndege aambiwe amefika kwao? Atapanda daladala ya kwenda wapi?

Ndiyo maana nasema hili ni suala la haki za binadamu. Mkataba wa Haki za Mtoto unakataza mtoto kuadhibiwa kwa sababu ya hali au matendo ya wazazi wake. Tanzania iliuridhia 1991. Marekani ilisaini 1995, hadi leo haijauridhia, na hilo linaniuma kila nikimtazama huyu kijana.

Na yule mjukuu wako uliyetaka aje kwa viza ya matembezi "halafu abaki", Shangazi, usimlete hivyo. DACA haimgusi aliyeingia baada ya Juni 2007. Amalize shule hapo Temeke, aombe viza ya mwanafunzi kwa jina lake, nitamsaidia ada.

Mdogo namba yake unayo. Mpigie, ongea naye taratibu. Kiswahili anaelewa, kujibu ndiko kunamshinda.