Taa za mchana zinazowaka gari likiwa kwenye chaji

Pole ndugu yangu. Umefunga taa za LED za mchana kwenye Nissan Leaf, gari la umeme, zile zenye kiboksi kinachoungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, na sasa zinawaka zenyewe usiku gari likichajiwa. Taa ni nzima kabisa.

Kiboksi hicho kilikusudiwa magari ya injini: kikiona volti zimepita 13 na kitu, kinadhani alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, inazunguka, basi kinawasha taa. Leaf haina alteneta. Betri ndogo inachajiwa na betri kubwa kupitia konveta, kifaa kinachoshusha volti, na kazi hiyo hufanyika hata ukiwa umechomeka chaja. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo. Nilitoka saa nane usiku nikakuta ukuta wa geti mweupe pee.

Toa kiboksi, weka relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Waya wa kuiamsha uchukue kwenye fyuzi inayopata umeme gari likiwashwa tu. Ipime kwa multimita gari likiwa limezimwa, halafu likiwa kwenye chaji; zote mbili isome sifuri. Waya mkuu utoke kwenye betri ndogo na fyuzi ya ampia 5 iwe hapo hapo karibu na betri. Hasi ifunge kwenye bodi, si kwenye kichwa cha betri, maana pale kuna sensa inayopima umeme wa betri.

Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse wala usizitoboe: zinabeba volti zaidi ya 300, zinaua. Njia yako ikipita karibu nazo, mpe kazi fundi aliyesomea magari ya umeme.