Mfuko wangu wa hisa umelishinda soko kweli?

*Wahariri, habari za kazi. Nina miaka 48, ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Mbali na NSSF, akiba yangu ya uzeeni iko kwenye mfuko wa hisa, na sasa imefika kama milioni 12. Kipeperushi chao kinasema kwa miaka mitano kipande kimoja cha mfuko kimetoka shilingi 250 hadi 365, yaani 46%, wakati soko limepanda 40%. Mwenzangu kazini anasema ada inanimaliza. Nani mkweli? – Msomaji, Soweto, Moshi*

Ndugu, namba za kipeperushi zinaweza kuwa sahihi zote mbili na bado mwenzako akawa mkweli. Shida ni kwamba hazipimi kitu kimoja. Wewe wa kahawa utaelewa haraka: huwezi kuweka kilo za matunda mekundu yaliyotoka mtini kwenye mzani mmoja na kilo za kahawa iliyokaushwa, halafu useme nani kavuna zaidi.

Meneja wa mfuko akipokea gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, linaingia kwenye thamani ya kipande. Faharasa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani namba zinazoonyesha soko limepanda au kushuka kiasi gani, hupima bei za hisa tu, gawio halimo. Kwa hiyo ile 46% ina gawio ndani, ile 40% haina. Angalia pia ni faharasa gani wametumia. DSEI ni ya kampuni zote, inabeba na za Kenya zilizoorodheshwa Dar. TSI ni za ndani pekee. Mfuko unaonunua hisa za ndani upimwe kwa TSI, na tarehe za kuanzia na kumalizia ziwe zilezile.

Sasa shika simu, fungua kikokotoo, ilaze simu ili kitufe cha kipeo (xʸ au ^) kionekane. Gawanya 365 kwa 250, unapata 1.46. Ipandishe kwa kipeo cha 0.2, kwa sababu ni miaka mitano. Jibu ni 1.079, yaani 7.9% kwa mwaka. Fanya hivyohivyo kwa soko: 1.40 kwa kipeo cha 0.2 ni 1.07, yaani 7%. Hapo ongeza gawio. Tuchukulie ni 3.5% kwa mwaka (ukiipata namba halisi, weka hiyo). Toa kodi ya zuio ya 5% ambayo hukatwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa, inabaki 3.3%. Soko limezaa kama 10.3% kwa mwaka, mfuko wako 7.9%. Umeachwa kwa 2.4%.

Pengo hilo limetoka wapi? Usitafute jibu kwenye kipeperushi, omba hesabu zilizokaguliwa. Chukua jumla ya gharama zote za mwaka, ugawanye kwa wastani wa thamani ya mfuko. Mara nyingi kipeperushi hutaja ada ya meneja peke yake, tuseme 1.8%, lakini ukijumlisha mwangalizi, mtunza dhamana, mkaguzi na matangazo inakuwa 2.2%. Kamisheni za madalali nazo zinaweza zisiwemo humo, maana huingia kwenye bei ya hisa zinaponunuliwa na kuuzwa. Meneja anayenunua na kuuza kila mara anakukata bila kukuonyesha.

Ikiwa kwako ni 2.2%, basi kabla ya ada meneja alipata 10.1%. Kuchagua hisa hakumshindi. Yuko karibu sawa na soko. Pengo karibu lote ni ada. Kwa salio la milioni 12 ni shilingi 264,000 kwa mwaka, sawa na 723 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Huioni kwenye taarifa yako kwa sababu inatolewa kwenye thamani ya mfuko kabla bei ya kipande haijatangazwa.

Tumtendee haki meneja kidogo. Soko la Dar lina kampuni chache, na hisa za kampuni kubwa chache ndizo zinazovuta faharasa. Waraka wa mfuko kwa kawaida humwekea kikomo cha fedha za kuweka kwenye kampuni moja, hivyo hisa moja kubwa ikipaa, ataachwa nyuma hata akiwa hodari. Ndiyo maana mwaka mmoja mbaya si sababu ya kumkimbia. Ada kubwa ya kila mwaka ni sababu.

Ukitaka kuhama, soma kwanza tozo ya kutoka. Ikiwa ni 1%, utalipa 120,000. Ukihamia mfuko wenye gharama ya jumla ya 1%, uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, unaokoa 144,000 kwa mwaka. Tozo inarudi ndani ya miezi kumi. Soko likiendelea kuzaa 10.3% na mifuko yote miwili ikilifuata, hadi ufike miaka 60 tofauti ni milioni 34.5 ukihama (tozo ikishatolewa) dhidi ya 30.6 ukibaki, bila kuongeza hata senti.

*Naweka 100,000 kila mwezi kwenye mfuko wa aina hiyo. Miaka mitano nimeweka milioni 6, taarifa inasoma 7,270,000. Hiyo ni 21%, mbona wanasema 46%? Nimeibiwa? – Mama Neema, Sakina, Arusha*

Hapana, Mama Neema. Laki yako ya kwanza imekaa karibu miezi sitini, ya mwisho haijakaa hata miwili. Kwa wastani fedha yako imefanya kazi kama miaka miwili na nusu. Ukiingiza tarehe na kiasi cha kila mchango kwenye Excel, fomyula ya XIRR itakupa karibu 7.9% kwa mwaka, ileile ya 46% kwa miaka mitano.

*Naweza kumwomba mwajiri asitishe NSSF, hela yote iende kwenye mfuko? – Msomaji, Kijenge, Arusha*

Huwezi. Mchango wa NSSF ni wa lazima, 20% ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Mfuko wa hisa ni wa ziada tu.