Kwa Nini Vyungu Vyangu Hupasuka?

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Embakasi, na nimeanza kufinyanga vyungu vya maua na vikombe kwa udongo ambao jirani aliuchimba alipokuwa akiweka msingi wa nyumba. Vingi hupata nyufa vikiwa bado vinakauka, na baadhi ya vile vinavyosalimika hulipuka kwa kishindo tanurini. Mwenzangu ananiambia kwamba ni mapovu ya hewa. Ninakosea wapi, na vilivyo vizima niviuze kwa bei gani?

JIBU: Dada, hasara yako inaanza kabla hujawasha moto. Udongo mweusi wa Embakasi ndio ule ambao wajenzi huuchimba na kuupakia kwenye malori kabla ya kumwaga zege, kwa sababu hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi hadi ardhi inafunguka nyufa za kuingiza mkono. Udongo unaoweza kupasua ukuta wa nyumba hautashindwa na ukuta wa kikombe. Waache wajenzi wautupe, nawe uwaulize mafundi wanaotengeneza kauri ya ndani ya majiko ya makaa wanapata wapi udongo wao, maana kauri hiyo hupashwa moto na kupoa kila siku, na asiyejua kuchagua udongo hawezi kudumu katika kazi hiyo.

Udongo wowote utakaoupata, upime kwanza. Tengeneza kipande bapa, ukichore mstari wa sentimita 10 kikiwa kibichi, kisha ukipime tena kikishakauka kabisa. Mstari ukibaki na sentimita 9 na nusu au karibu na hapo, endelea na kazi. Ukipungua chini ya 9, changanya udongo huo na vigae vilivyosagwa, yaani vile vyungu vyako vilivyovunjika baada ya kuchomwa, ambavyo havinywei tena na huuachia unyevu njia ya kutokea. Kisha kausha polepole kivulini, ukifunika mdomo wa chungu kwa kitambaa, kwa kuwa mdomo hukauka kabla ya kitako, na sehemu hizo mbili zikivutana ndipo ufa unapotokea.

Kuhusu kishindo cha tanurini, hewa peke yake haivunji chungu. Kinachovunja ni maji yaliyobaki ndani ya udongo, ambayo yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke na kutafuta njia kwa nguvu. Ukande udongo vizuri hata hivyo, kwa sababu mapovu hudhoofisha ukuta wa chombo, lakini usichome chungu kabla ya kukigusisha shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka, bado kina maji. Katika baridi ya Julai hapa Nairobi chungu kinene huonekana kikavu siku nyingi kabla ya kukauka kweli. Moto nao uanze mdogo sana, upande kwa utaratibu, na tanuri lisifunguliwe hadi lipoe lenyewe.

Bei ni jambo ambalo wafinyanzi wetu hujidhulumu wenyewe, ndiyo maana wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Ukifinyanga vyungu 10 na 3 vikavunjika, vile 7 ndivyo vinavyopaswa kulipia udongo, kuni na saa zako zote. Usimhesabie mteja vizima pekee. Akikuambia kwamba ni udongo tu, usishushe bei kwa sababu hiyo, kwani yeye hanunui udongo.

SWALI: Je, chungu kisichopakwa rangi ya kioo, yaani ile inayoyeyuka tanurini na kung'aa kama kioo, kinaweza kuitwa sanaa?

JIBU: Naam. Magdalene Odundo, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1950 na kusomea kazi hii Uingereza na pia Abuja nchini Nigeria (mji ambao sasa huitwa Suleja), hujenga vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu, huvisugua hadi ving'ae, na havipaki rangi hiyo kabisa. Vikichomwa mara ya kwanza hutoka vyekundu vya machungwa; akivirudisha motoni na kuvinyima hewa, hugeuka vyeusi. Kazi zake zimo katika British Museum. Sikatai kwamba rangi ya kioo ina uzuri wake, ila ukuta ulioinuliwa vibaya hauwezi kufichwa nayo.

SWALI: Nilinunua bakuli la udongo lenye rangi inayong'aa. Ninaweza kulitumia kwa chakula?

JIBU: Muulize aliyelitengeneza kama rangi hiyo ina madini ya risasi, kwa sababu ndimu, siki na nyanya huweza kuyatoa na kuyaingiza katika chakula, na madhara yake kwa ubongo wa mtoto hayaponi. Akishindwa kukujibu kwa uhakika, lipandie maua.