36.4 asubuhi si ugonjwa

Mkuu, unahofia joto la mwili la nyuzi 36.4 za Selsiasi ulilopata ulipoamka; hilo ni la kawaida, kipimajoto chako hakijaharibika. Mwili hupoa zaidi alfajiri, kisha joto hupanda taratibu hadi jioni. Tofauti ya nusu digrii kwa siku moja haishangazi. Hiyo 37 tuliyokaririshwa ilienezwa na daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, mwaka 1868, tena alipima kwapani. Na kwapa hudanganya: ukilegeza mkono kidogo tu, namba inashuka. Bana kiwiko ubavuni mpaka kipimajoto kilie. Kwa mwanamke, yai likishatoka joto hupanda kidogo mpaka karibu na hedhi. Homa wengi huihesabu kuanzia 38. Pima tena jioni, uone.